Hansa Devi Bisht, Mwalimu wa Pumzi wa Kota za Devidhar

Ndugu na majirani, wenzetu wa kikosi, na ninyi wanawake wa kota, mliokuja kwa moyo mmoja na mliokuja mkisitasita: leo ni siku ya kumi na tatu tangu Mama atutoke, na familia imenipa mimi, Manju, mkwe wake, kazi ya kusoma wasifu huu. Kuna neno lililosemwa juu yake kambini kwa miaka minane. Wengi wenu mnalijua. Nitalifikia mahali pake, wala sitalipunguza makali.

Marehemu Hansa Devi alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Naulagaon, wilaya ya Almora, mtoto wa tatu wa Mzee Kundan Singh Rawat na Bi. Saruli Devi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, hata mkunga aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bonde akapotea njia, akaingia nyumba ya jirani na kuanza kumchemshia maji mwanamke ambaye hakuwa hata na mimba. Ukungu ulipoinuka, Hansa alikuwa ameshanyonya. Mama aliipenda hadithi hiyo, na kila alipoisimulia ukungu ulizidi kidogo.

Alisoma katika shule ya kijijini hadi darasa la tano, kisha shule ya wasichana hadi la nane, alikomaliza mwaka 1972. Yoga hakuipata darasani. Baba yake alikuwa mpishi wa watawa waliokaa kando ya mto. Kila alfajiri aliwaona wakikaa na kupumua, naye akairudisha elimu hiyo nyumbani pamoja na masufuria yake. Aliwaketisha wanawe juu ya paa la mawe kabla jua halijatoka, akawaambia maneno matatu tu: vuta, ngoja, achia. Mama alisema kuna asubuhi alikuwa hajui tena kama anayepumua ni yeye au ni mlima ulio mbele yake, na kwamba hakuwahi kuwa na raha kama ile.

Tarehe 26 Novemba 1976 aliolewa na Trilok Singh Bisht, wakati huo askari wa miaka miwili kazini, leo sajini meja mstaafu, ambaye amekaa hapa mbele yetu. Baba anasema siku ya harusi hakumwona bibi harusi uso. Aliona tu shela ikipanda na kushuka polepole, akajua amepata mwanamke asiyetishika, na hapo akatishika yeye. Walijaliwa watoto wawili: Beena mwaka 1979, na Lalit tarehe 3 Julai 1986.

Kazi yake ilianza Septemba 1987, kikosi kilipopelekwa Sri Lanka na kota za Devidhar zikabaki na wanawake na watoto tu. Wake za askari hawakulia mbele za watu siku hizo. Waliumwa vichwa, wakaumwa migongo, wakaunguza dengu. Mke wa kanali wa wakati ule, mwanamke mwenye nia njema, alisikia kuwa mke wa Koplo Trilok anajua yoga, akaamuru darasa lifunguliwe kwenye ukumbi wa familia na majina yaitwe kama gwaride. Walipangwa kwa vyeo vya waume zao: wake za maofisa mbele, wake za masajini nyuma yao, wake za askari wa kawaida mlangoni penye baridi. Mikeka ilikuwa mablanketi mabovu ya jeshi, ameyashona Mama mwenyewe. Bangili ziliwasumbua, lakini kwetu anayevua bangili ni mjane, na nani angezivua mumewe akiwa vitani? Mama alizifunga kwa vitambaa ili zisipige kelele.

Shida ikawa magoti ya huyo mke wa kanali, memsahibu kama walivyomwita. Yalipinda vibaya, na mke wa koplo hakuweza kumkosoa mke wa kanali. Basi Mama akawa anamkaripia Pushpa, mke wa mpishi wa mesi, aliyekaa safu ya mwisho na aliyekuwa amenyooka sawasawa.

"Wewe Pushpa, goti hilo!"

Memsahibu naye, akisikia hivyo, alikuwa ananyoosha lake kimyakimya. Baada ya mwaka hivi Pushpa alimfuata jikoni.

"Dada Hansa, mwaka mzima huu nabeba makosa ya magoti ya mtu. Si unipe na mshahara wake?"

"Mshahara sina. Kaa, unywe chai."

"Na sukari iwe ya kimemsahibu basi."

Wakawa marafiki kuanzia hapo. Polepole safu zile zikavurugika, na wanawake wakaanza kukaa popote penye jua. Baada ya zoezi walibaki, na aliyekuwa na lake moyoni akalisema.

Jambo moja tu Mama hakulifundisha. Yoga humalizika kwa kulala chali, mikono kando, mwili wote umeachiwa. Mlalo huo huitwa mlalo wa maiti, na ndio unaomshusha mtu mzigo. Siku ya kwanza kabisa wanawake walimkatalia. Mume yuko vitani, halafu mke ajilaze kama maiti kwa hiari yake? Ni kuuita mkosi kwa jina. Mama hakubishana nao, kwa sababu na yeye aliamini hivyo. Kwa miaka ishirini na saba alifunga darasa watu wakiwa wameketi. Hata Baba alipostaafu mwaka 2002 na wakapanga nyumba nje ya geti, aliendelea kwenda ukumbini, na alifunga vilevile.

Sasa nafika kwenye lile neno. Mimi niliolewa na Lalit Februari 2014. Alikuwa ameingia kikosi cha baba yake, kama ilivyo desturi yetu. Septemba alipelekwa juu mlimani kulinda kituo kwenye barafu ya mpakani, nami nikabaki kota nikiwa na mimba changa. Nikaacha kulala. Mwanzoni nilisinzia kidogo, kisha hata kusinzia kukanikimbia. Nilisikia simu ikilia isiyolia. Niliona nyumba ikielea, na watu wakisema nami wakiwa mbali, kama walio upande wa pili wa maji. Siku ya kumi na moja nilijikuta juu ya tangi la maji la kota, miguu inaning'inia, na hadi leo sikumbuki nilipandaje. Mama alipanda akanishusha bila swali hata moja, akanishika mkono hadi ukumbini. Ilikuwa Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeingia kwa madirisha, na wanawake arobaini wameketi ndani yake.

"Mama, nikifumba macho namwona yuko chini ya theluji," nilimwambia.

"Basi usiyafumbe. Lala chali, uangalie dari."

Pushpa, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshaota mvi, alisimama.

"Dada Hansa, usifanye hivyo. Lalit yuko juu kule."

"Najua aliko. Nimemzaa mimi."

"Basi si umsubiri ashuke?"

"Yeye anashuka mwezi wa tatu. Huyu hafiki mwezi wa tatu."

Kisha akajilaza yeye kwanza, chali, mikono wazi. "Kama kuna mkosi, unikute mimi chini," alisema. "Anayetaka kutazama atazame. Anayetaka kwenda aende, chai ipo jikoni."

Nililala kando yake. Nilisikia pumzi yake ikienda na kurudi, na ya kwangu ikaifuata kwa kuchechemea, mpaka sikujua tena ipi ni ya nani. Niliamka saa kumi alasiri. Alikuwa bado pale, hajasogea asije akaniamsha, na mgongo umemkaza hivi kwamba ilibidi Pushpa na mwenzake wamnyanyue. Pushpa alimtukana njia nzima hadi nyumbani.

Tarehe 3 Februari 2015 theluji iliporomokea kituo cha Lalit, na hakutoka.

Walisema Mama amemlalia mwanawe kifo. Hilo ndilo neno lenyewe. Lilisemwa kisimani, lilisemwa dukani, lilisemwa na watu ambao aliwafungia bangili kwa mikono yake. Darasa la wanawake arobaini likabaki na watatu. Hakujitetea. Alifungua ukumbi kila asubuhi, akawafundisha hao watatu, na mimi nilipojifungua alifundisha akiwa na mtoto mgongoni. Miaka ilivyopita wapya walikuja, wasiojua neno lile au waliolijua wakaja hivyohivyo. Wao aliwalaza chali. Yeye mwenyewe tangu Februari ile hakulala chali tena, hata kitandani kwake.

Mwaka 2021 alianza kukohoa. Madaktari walisema mapafu yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Yeye aliyefundisha watu kupumua akawa anahesabu pumzi zake kama mgonjwa mwingine yeyote, na akaona jambo hilo lina kichekesho chake. Oktoba mwaka huu alilazwa hospitali ya Haldwani. Wauguzi walimlaza chali, naye akageuka ubavu. Wakamlaza tena, akageuka tena.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023 alinishika kidole.

"Manju, nikuulize kitu?"

"Uliza, Mama."

"Unanilaumu? Kwa Lalit?"

Namba yetu ya dirisha la dawa ikaitwa wakati huohuo. Nikasema, "Nakuja sasa hivi, Mama." Foleni ilikuwa ya dakika ishirini. Niliporudi, saa tano na robo, alikuwa ameshakwenda, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, Trilok Singh Bisht. Binti yake Beena na mumewe. Mkwe wake, mimi. Na mjukuu, Ishani, wa miaka minane. Ameacha pia rafiki yake Pushpa, aliyebaki miongoni mwa wale watatu, na wanawake wa kota ambao hatukuwahi kuandika idadi yao.

Mama, namba iliitwa nikaenda, na jibu nikaenda nalo. Nalisema hapa mbele ya waliosema lile neno. Nilikulaumu, ndiyo. Nilikulaumu majira yale ya baridi yote, kila siku, huku nikila chapati za ulezi ulizonipikia. Ishani alipozaliwa tarehe 20 Mei akiwa mzima, lawama ikaisha siku hiyohiyo. Kilichobaki kwa miaka minane kilikuwa aibu. Niliona haya kusema kwamba mume wangu amekufa na mimi bado nafurahi kwamba nililala. Theluji ndiyo iliyomuua Lalit. Wewe uliniokoa mimi.

Pumzika, Mama, kwa amani yote uliyotupa sisi.