Kuonja Nako ni Kula

Mungu wetu ni mwema, ndugu zangu! Mimi ni Agnesi, muuza urojo, mnanijua. Nasimama tena hapa mbele ya kanisa. Msinipigie makofi bado, nina jambo la kusahihisha.

Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema presha imeniondoka, vidonge nimetupa. Mkashangilia! Haki ya Mungu, sikuwa nimepima. Kichwa kiliacha kuuma tu, nikatangaza ushindi.

Miezi ikapita, miguu ikavimba, viatu vikanikataa. Ngazi za nyumbani kwetu Mji Mkongwe nikawa nazipanda kwa vituo, moyo unadunda mpaka masikioni. Hospitali daktari akaniambia moyo umeanza kutanuka, na figo zimeanza kuumia. "Ukichelewa, mama, utasafishwa damu kwa mashine." Akaniuliza habari za chumvi. Nikamjibu kwa kiburi, "Mimi chumvi sili!" Na kweli, wali wangu sitii hata chembe. Akanirudisha kwenye vidonge, nikameza. Presha ikashuka kidogo, ikagoma. Ndugu zangu, nilikosa raha, nikamnung'unikia Mungu: nifanye nini tena?

Jibu lilitoka uani. Nimepanga nyumba moja na Bi Mwanakhamis, Mwislamu, na tunapika pamoja. Ramadhani iliyopita yeye alikuwa anapika futari, mimi napika urojo wa kuuza jioni. Akaniangalia weee, kisha akasema: "Agnesi, mie mwezi mzima nnapika na saumu yangu, sionji, na chumvi haikosei. Wewe tangu asubuhi ushalamba kiganja mara ngapi?"

Yarabi! Nikaduwaa na mwiko mkononi. Urojo naonja, chatne naonja, kachori navunja naonja, nikiingiwa na wasiwasi narudia. Mteja akisema haujakolea, naonja tena. Kutwa nzima! Hayo yote sikuyahesabu. Kwangu mimi kula ilikuwa kukaa chini na sahani. Kumbe daktari wa watu nimemdanganya!

Nikaanza kuacha. Haikuwa kazi ya siku moja, maana mkono ulikuwa unakwenda mdomoni wenyewe. Sasa chumvi naipima kwa kijiko, sionji, na Bi Mwanakhamis ananichunga kama askari. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, nimeiaga, achari nimeiaga, nayo roho inaitaka mpaka leo. Vidonge nameza kila siku. Mwezi huu presha imetulia, na daktari anasema figo hazijaharibika zaidi. Asante Yesu! Lakini nisikilizeni vizuri: sijapona. Nalindwa.

Ningenyamaza, nikaendelea kumshukuru Mungu kimyakimya. Lakini Jumatano nimekutana na dada Roza sokoni Darajani, miguu yake imevimba kama ilivyovimba yangu. Akanikumbatia kwa furaha. "Dada, ule ushuhuda wako! Na mimi vidonge nilitupa." Nilitamani ardhi inimeze. Nikashindwa kumwambia kweli pale pale, nikasingizia haraka. Tangu siku hiyo sina amani.

Dada Roza, nakuona umekaa pale nyuma. Nisamehe, mbele ya watu wote hawa. Ushuhuda ule haukuwa kweli. Mungu aliyenishika mimi alimtumia daktari, akatumia vidonge, akamtumia na jirani aliyefunga Ramadhani. Mtumaini kwa njia hizo hizo, wala usione haya. Na nyie wengine mliotupa dawa kwa ajili ya maneno yangu, nawasihi, rudini mkapime.

Nilitaka kusema nitakupitia kesho. Kesho ya nini? Hospitali haifungwi Jumapili. Wapendwa, nyie endeleeni kuomba. Dada Roza, chukua mkoba wako, tunakwenda.