Mimbari Iliyokosa Siku ya Ufunguzi

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii. Nimeombwa nishuhudie, nami nitashuhudia, ila mnivumilie nikianza na malalamiko, maana ushuhuda wangu una mume ndani yake.

Wengi mnamjua Baba Mwende. Ni mchongaji kutoka Ukambani, na mikono yake imebarikiwa. Lakini haraka yake! Alipaka nyumba rangi, ndipo akakumbuka kwamba ukuta haujapigwa plasta. Alinunua kabati, tukakuta mlango wa nyumba zetu hizi za Kaloleni haulipitishi, likalala nje mpaka likaota uyoga. Nikisema neno, ananijibu, "Mama Mwende, wewe hupanga mpaka chai inapoa."

Hayo niliyavumilia. Lililoniuma ni kwamba alikuwa ameliacha kanisa. Miaka mingi nilikuja hapa peke yangu. Kisha, tulipokuwa tukijenga jengo hili, mchungaji akamwomba atuchongee mimbari ya siku ya ufunguzi. Akakubali. Akaanza kuja, kwanza kutazama pahali itakapokaa, baadaye kusikiliza mahubiri. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Nilijua akiaibika mbele yenu kwa sababu ya haraka yake, harudi tena.

Ndugu yake akatutumia magogo mawili ya mwarubaini. Mti huo huchongwa ukiwa mbichi na laini, kisha unafunikwa kwa maranda na magunia, kivulini, miezi, ukauke polepole. Yeye mwenyewe ndivyo anavyowafundisha vijana! Basi aliichonga mimbari ya kwanza ikapendeza, mwanakondoo mbele, mizabibu pembeni, halafu akaipandisha juu ya mabati, juani, eti iwahi ufunguzi. Ikapasuka kutoka shingo ya mwanakondoo mpaka chini. Vijana wa mtaa wakipita wanauliza, "Niaje mzee, hiyo ni mimbari ama ni kuni?"

Akachonga ya pili kwa gogo lililobaki. Ufunguzi ulikuwa umekaribia. Asubuhi moja nikamkuta amewasha jiko la makaa pale anapofanyia kazi, anataka kuikausha kwa moto. Ndugu zangu, maneno yalikuwa yameniishia. Nilikuwa nimeyamalizia kwa lile kabati. Nikaketi kwenye kigoda nikaomba kimoyomoyo: Bwana, mtu huyu amenishinda, namkabidhi kwako.

Alinitazama akingoja nigombe. Sikugomba. Akaitazama ile mimbari iliyopasuka, kisha akachukua maji akayamwaga juu ya makaa.

"Haitakuwa tayari," akasema. "Nitaenda kumwambia mchungaji mimi mwenyewe."

Mnaikumbuka siku ya ufunguzi. Wageni walijaa, na mchungaji akahubiri Biblia ikiwa juu ya kreti za soda, zimefunikwa kitambaa changu cha meza. Watu walicheka. Nilikuwa nimemshika Baba Mwende mkono, nikausikia ukitaka kuondoka. Hakuondoka. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, kisha akabeba kreti akazirudisha dukani. Na Jumapili iliyofuata aliamka kabla yangu, akalipiga pasi shati lake mwenyewe.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi ninaoushuhudia. Miaka yote mdomo wangu haukuweza. Bwana aliweza siku niliyonyamaza.

Mimbari yenyewe, ile ya pili, iliyokaa kivulini miezi mpaka ikakauka, ndiyo hii ninayoiegemea. Kabla ya kuileta, aliupima mlango wa kanisa, akarudi akaupima tena. Ile rangi ya nyumba bado inabambuka, na hiyo tunaendelea kuiombea.

Namshukuru Mungu wangu. Nawe uliyekuja leo umechoshwa na mtu wako, usikate tamaa, mkabidhi Bwana. Ibada ikiisha pita hapa mbele, umguse mwanakondoo shingoni. Hana ufa.