Kuni ya bure inakuya karibu

Mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi inaingiaka mu mifupa bila kupiga hodi. Mi niko na banki inje ya nyumba yangu, ku mustari ya mwisho ya Musonoi: ubao tu, juu ya jante mbili za lori. Asubuhi naweka bilika ya kawa na tangausi ku moto ya mbabula, na benye banki banakuya mumoja-mumoja. Mwaka hii banakuta ukuta yangu haionekane tena, kuni imefika ku dirisha. Ni miti yenye mashini ya sosyete ya shaba inaangusha kule nyuma na kuiacha chini. Shiye tunaokota bure. Mi nilipanga mingi kushinda bote, juu mutoto wangu Valérie amezaa, na kwetu moto ya muzazi haizimake mpaka kitovu ya mutoto ianguke. Ikizima mbele ya ile siku, ile mutoto atasikia baridi maisha yake yote.

Asubuhi ile balikuwa batatu. Tata Mukalay, alikuwa karani zamani, tunamuita Certificat, hata kukohoa anakohoaka mu Kifaransa. Zakaria wa lori, tunamuita Fren, ni kusema breki, juu njo kitu lori yake haina. Na Stany, kijana wa kuchimba, tunamuita Panya juu ya kuingia-ingia mu mashimo.

— Mama, leo kawa ni tamu, Fren alisema. Ni hii kuni?

— Ni mukono yangu. Kuni haijue kupika.

Panya alikuwa anageuza kipande ya kuni, ananusa.

— Mama, mi naogopa hii kitu.

— We unalala mu shimo, na unaogopa kuni?

— Shimo najua inataka nini. Angalia hapa mu maganda, iko na rangi ya kijani. Mizizi yake ilikunywa shaba. Moshi inaingia mu kifua, haitoke tena. Na kifua ya mutoto muchanga ni sawa karatasi.

Mu nyumba mutoto alipiga chafya.

— Mumesikia?

— Hata we unapigaka chafya, Panya, na uko unaishi.

Certificat aliweka kikombe chini.

— Jeune, we kijana, acha kuogopesha wazazi. Kisheria, sosyete ilinunua chini. Juu ni ya shiye. Mi nilifanya kazi mu biro, najua. Na bankambo balisema: maji ya moto haichome nyumba.

— Sasa maji ya moto inaingilia wapi hapa? Panya aliuliza.

— Maji inapata moto na nini? Si na kuni? Njo pale inaingilia.

Tulicheka. Fren hakucheka.

— Mi natembeza lori mpaka Lubudi, mpaka Tenke. Bure sijaionaka. Nani anawekaka mutego ya panya bila chakula?

— Usinitaje, Panya alisema.

— Hamuonake kale kadege kadogo, kenye hakana mutu ndani? Kanapita juu ya nyumba zetu, kanaangalia moshi. Nyumba yenye moshi mingi, banaiandika: hapa njo kwa mwizi wa miti. Kisha polisi anakuya. Mama, moshi yako inaonekana mpaka kule kwangu, ku lupangu!

— Juzi kalisimama juu ya bafu ya Mama Bilkisi, Panya alisema. Alikuwa anaoga.

— Maskini kadege, Certificat alisema.

Tulicheka tena, lakini kidogo, juu baridi ilikuwa mingi, na kule nyuma mashini ilianza kulia. Certificat alisogea karibu na mbabula. Sauti yake ilishuka.

— Mi nitabaambia kitu. Kule kwenye banang'oa miti, kulikuwa mashimo ya zamani. Kuko bantu udongo ilibafunika, hakuna mwenye alibatosha inje. Miti iliota juu yabo. Mizizi ilibashika vizuri, balilala. Sasa mashini inang'oa mizizi. Bale bantu banasikia baridi, bandugu. Banafuata kuni yabo nyumba kwa nyumba, banaomba kuota moto.

— Certificat, na masomo yako yote?

— Masomo ni ya muchana, Mama.

— Bismillahi, Fren alisema, na alivuta muguu yake mbali ya kuni.

Panya aliweka kile kipande chini polepole, sawa vile unalaza mutu. Mu ile mashimo aliachaka rafiki.

Hapo hata mi nilisikia woga. Niliangalia ule mulima ya kuni ku ukuta, na nyuma ya ukuta ni kitanda ya Valérie na katoto.

— Sasa nifanye nini? Nirudishe?

— Rudisha yote! Fren alisema. Haba na haba hujaza kibaba!

— Usirudishe, Mama, Panya alisema. Batakuona na kuni ku mukono, batasema njo mwizi.

— Uchemshe kwanza ile kuni, Certificat alisema. Ukisha kuchemsha, kila kitu inatoka.

— Nichemshe kuni na nini, Tata?

Alifikiri. Alikunywa kawa.

Njo pale Kapinga alitokea na furushi ku kichwa. Ni wifi ya Valérie, alifika jana tu toka Lubudi kusaidia muzazi. Kawa yenye nilimumiminia mbele ya kutoka kuokota kuni ilikuwa ingali na moshi.

— Umerudi, mutoto wangu? Ulisahau kitu?

— Hapana, Mama. Kuni nilisha kupata. Mi nilibeba hata maji ya kunywa, juu Valérie aliniambiaka ku telefone kama kuni iko ng'ambo ya muto, mutu anachoka.

— Aa, ile ni mwezi wa ine! Kisha ilifika ku kiwanja ya mupira. Kisha ku shamba ya Latifa. Sasa iko nyuma ya choo yangu. Mungu anatuhurumia, safari inafupika.

Nilisema vile na furaha, kweli. Bamama bote ba mustari yetu tulikuwa tunasema vile.

Kapinga alitua furushi. Alituangalia, mumoja-mumoja.

— Lakini Mama, sasa hivi bameangusha ile muti ya avoka ya nyuma ya choo. Ni ya mwisho. Toka pale mpaka ku nyumba hakuna muti tena. Kesho batavunja nini?

Certificat alifungua kinywa.

— Kisheria...

Fren aliangalia viatu yake. Panya alisimama, aliangalia paa ya nyumba yangu, kisha paa ya yenye kufuata, kisha alikaa tena.

Mi nilikumbuka mugini, kijiji ya tata yangu, pale penye leo kuko shimo kubwa ya sosyete na maji ya bluu. Nilikuwa mutoto. Ule mwaka mama yangu naye alipanga kuni mpaka ku dirisha, na alikuwa anaimba.

— Mama! Valérie aliita mu nyumba. Moto inashuka, uniletee kuni!

Kuni ilikuwa pale, karibu ya mikono yetu. Hakuna mwenye aliishika.