Makofi Mawili ya Afande Ogwang

Pa! Pa! Makofi mawili, makavu, yaliyosikika hadi kwenye majukwaa. Waliokuwa uwanjani miaka ile wanaukumbuka mlio huo. Ndivyo marehemu Dawudi Ogwang alivyowaambia waliomfuata kwamba yeye anatoka, wao waendelee.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Aloi, Lango, kaskazini mwa Uganda, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Ogwal na Mama Aol. Alisoma katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya kinamasi. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu na kengele haikumsubiri mtu, kwa hiyo alikwenda mbio na kurudi mbio, huku amewashika wadogo zake mikono. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akabaki nyumbani kulima pamba.

Mwaka 1981 alijiunga na polisi, akapangiwa kambi ya Nsambya, hapa Kampala. Makocha waliiona pumzi yake, wakampa kazi isiyo na medali. Katika mbio za mita elfu kumi alitangulia kushika kasi ili wenzake wasilegee. Baada ya mzunguko wa kumi na tano alipiga makofi, akatoka nje ya mstari, na wengine wakashindania mizunguko kumi iliyobaki. Rafiki yake, Yasiin Abudu, alishinda mara nyingi kwa kuufuata mgongo huo. Marehemu alistaafu mwaka 2014 akiwa sajenti, na kabatini mwake hamkuwa na kikombe hata kimoja.

Mwaka 1985 alimwalika Bi. Sabina Acayo, aliyekuwa akiuza vitambaa katika soko la Kikuubo, aje kumtazama akikimbia. Marehemu aliongoza vizuri, akapiga makofi, akatoka. Bi. Acayo akawauliza waliokaa karibu naye, tena kwa sauti: "Huyu ndiye aliniambia ni mkimbiaji? Mbona amechoka mapema hivi?" Marehemu alipokuja kumposa, Bi. Acayo akamuuliza tena: "Na mimi nikikubali, hutatoka katikati?" Marehemu akajibu, "Huku hakuna wa kumvuta ashinde, Sabina. Tuko wawili tu." Walifunga ndoa kanisani, Mbuya, tarehe 20 Desemba 1986.

Marehemu aliokoka mwaka 1988. Mwaka 1993 malaria ilimchukua mtoto wao wa kwanza, Oola, na marehemu akaacha kuingia kanisani. Lakini kila Jumapili aliwapeleka mkewe na watoto mpaka mlangoni, akapiga makofi mawili, akageuka. Watoto walidhani ni sehemu ya ibada. Ilikuwa hivyo miaka mingi, mpaka Jumapili moja ya Aprili 2005 mvua kubwa ilipomkuta pale mlangoni. Aliingia kujikinga, akaketi kiti cha nyuma na nguo zikimchuruzika maji, akabaki mpaka wimbo wa mwisho. Jumapili iliyofuata jua liliwaka tangu asubuhi, naye akaingia.

Hakukosa tena. Hata hivyo, walipotaka awe mzee wa kanisa alikataa. "Mchungaji," alisema, "mimi sijamaliza shindano hata moja maishani. Msinitangulize mbele za watu, nisije nikatoka tena."

Hofu hiyo ndiyo iliyomsumbua alipougua. Saratani ya tezi dume iligunduliwa mwaka 2022. Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni kwamba maumivu yangemshinda, akauachia mkono wa Mungu kama alivyouachia Oola alipokufa. Siku moja Yasiin alikuja kumwona, na marehemu akamuuliza:

"Wewe ulikuwa unamaliza. Baada ya mzunguko wa kumi na tano kuna nini?"

"Afande, hakuna kitu. Miguu inakataa, unatazama mgongo wa aliye mbele. Basi."

"Na mimi nitatazama mgongo wa nani?"

"Mimi Mwislamu ndiye nikuambie?" Yasiin alisema. "Kila siku unampigia magoti, leo unaniuliza mimi?"

Marehemu alicheka mpaka akaomba maji. Tangu siku hiyo, maumivu yalipomzidi, alifumba macho kama anayemtafuta mtu mbele yake, na hatukumsikia akilalamika.

Ameacha mjane, Bi. Sabina Acayo, watoto watatu, Aciro, Ongom na Aol, wajukuu sita, na Yasiin, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Kesho tutampeleka Aloi, tumlaze karibu na Oola. Tunalia, lakini tumeshusha pumzi, kwa sababu jambo aliloliogopa halikutokea. Mungu amkalishe kivulini, mahali wanapoketi waliofika.

Alituacha asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, nyumbani kwake Mbuya, jua likiwa limeshaingia dirishani. Kabla ya hapo aliinua viganja vyake viwili, akavikaribianisha. Kila mmoja wetu aliujua mlio unaofuata, na Bi. Acayo aligeuza uso. Mlio haukuja. Marehemu alivishusha viganja taratibu juu ya shuka, akautafuta mkono wa mkewe, na kwa sauti ndogo ambayo Bi. Acayo peke yake aliisikia, akasema:

"Leo sitoki."