Mtoto Asiye na Uso Ukutani

Kwaru, kwaru, kwaru. Usiku kitu kinakwaruza ukuta wangu kwa nje, nami ndani nimemkumbatia mtoto, taa nimezima, mume yuko safarini Juba na lori, mlango sifungui ng'o. Asubuhi natoka, nakuta watu wa benchi la kahawa wameligeuza benchi lao, hawatazami tena barabara ya mpakani, wanatazama ukuta wangu. Kumbe ni Fidel, yule mchora vibao vya hoteli, amechora mwisho wa dunia: Mwamba wa Tororo umepasuka kama mkate, mbuzi wanapaa, malaika kasimama getini anakagua vitambulisho. Katikati kuna mama kajifunga shuka ya maua, shuka yangu kabisa, na mtoto mgongoni hana uso. Hana macho, hana mdomo. Nikakaa.

— Kunywa, mama mtoto, akasema Asio, mwenye birika.

— Si nilisema! Huyo Hudson, tunamwita Nabii. — Dunia haifiki mavuno ya wimbi. Sasa hata Fidel ameoneshwa.

— Ameoneshwa na chupa ya waragi, akasema Nurudin wa bodaboda, jina la kijiweni Breki, kwa sababu pikipiki yake haina.

— Cheka tu. Yule malaika atakudai kitambulisho.

— Napita njia ya panya.

— Mbinguni?

— Kila mpaka una zake.

Asio akasonya.

— Chini ya ule Mwamba wanakaa watu wa kale. Sura zao zimeisha kwa giza, wanaazima za watoto.

— Mwamba ni yai, Mama Asio! akadakia Breki. Siku likianguliwa, ndege wake atameza Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na ushuru halipi.

Wao wanacheka, mimi nampapasa mwanangu pua, macho, mdomo, vyote vipo. Hapo akafika mama mmoja na gunia la vitunguu, mgeni, akaagiza kahawa, akaketi karibu yangu.

— Mtoto mzuri! Mimi Sharifah. Wewe nikuite mama nani?

Benchi zima likageuka kunitazama.

— Hana jina, nikasema, yakanitoka yote. Nabii alisema dunia inaisha, nikaona jina la nini, mama mkwe ananingoja kijijini Osukuru na pombe ya wimbi, mimi kila siku kesho, kesho, maana nikimpa jina si nimempa malaika cha kumwitia?

Nabii akatazama viatu vyake.

— Mimi nilisema dunia. Sikusema mtoto.

— Mlete hapa, akasema Asio. Kwetu Wateso bibi huchovya kidole kwenye pombe, anataja majina ya ukoo, mtoto akinyonya, hilo ndilo kakubali. — Pombe hakuna. Kahawa ipo.

— Akurut. Mtoto akatema.

— Amoit. Akageuza kichwa.

— Acom. Akalia.

— Zubaida! akachomekea Breki kwa mzaha. Ni jina la mama mzazi wa Breki.

Kidole kikaingia chote. Ananyonya, anavuta, Asio hawezi kukitoa.

— Mkatoliki Zubaida! akashangaa Asio.

— Si kachagua mwenyewe?

Nilicheka mpaka shuka ikalegea. Halafu nikamkumbuka mama mkwe. Kahawa! Jina la watu wengine! Nikawaapisha mmoja mmoja wasimwambie mtu, Breki, Asio, hata mgeni, na mwisho Nabii, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Akanyanyua mkono.

— Simwambii mtu mwingine, Mama Zubaida.