Aliyekuwa Akimsogeza Binti Yangu

Jumapili ya Matawi, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Aliugua siku chache, tukampeleka hospitali, tukarudi naye akiwa amefunikwa. Siku hiyo hiyo binti yangu alipoteza miguu yake kwa mara ya pili.

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wazazi wenzangu mliokaa nyuma na watoto mapajani, nawasalimu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha hapa kanisani aliniomba niseme, nami nimekubali ingawa si mzungumzaji. Shule yangu iliishia darasa la saba, hapa hapa Nyabiyonza, na nyumbani tunasema Kinyambo, kwa hiyo Kiswahili kikinishinda mahali mtanisaidia. Nitaeleza kwa mpangilio nisije nikapotea. Na niseme mapema ili mtu asikae akisubiri: binti yangu hatembei. Sikuja hapa kuwaambia kwamba alitembea.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka mitatu. Ilikuwa homa kali na degedege. Alipozinduka, miguu yote miwili na mkono wa kushoto vilikuwa havimtii. Mkono wa kulia ulibaki, akili ilibaki, na mdomo, jamani, mdomo nao ulibaki. Tulizunguka sana kutafuta dawa, za hospitali na zile nyingine ambazo hapa kanisani sitazitaja. Mume wangu ndiye aliyesema tuache kuzunguka. Alisema, "Basi. Mimi nitakuwa miguu yake."

Na akawa. Alimfunga mgongoni kwa kitenge changu, mwanamume mzima mwenye ndevu. Wenzake walimcheka kwamba amegeuka yaya. Aliwajibu kuwa yaya ana mshahara, yeye hana hata chai. Alimpeleka kanisani, gulioni, na kule Nyakahanga kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Njia nzima mtoto alikuwa akiuliza: yule anakwenda wapi, yule amebeba nini, kwa nini yule mzee anaongea peke yake. Baba yake alimjibu kila swali, na pale asipojua alitunga. Mimi nilibaki na jembe na sufuria. Nilijua kumlisha, kumwogesha na kumlaza. Mengine yote yalikuwa ya baba yake.

Alipokufa, mtoto alikuwa na miaka minane na uzito wake. Mimi mnaniona nilivyo mfupi. Siku ya mazishi nilitaka kumbeba aende kaburini, nikaanguka naye mlangoni mbele ya watu. Wakaniambia nimwache ndani. Nikamwacha. Tangu siku ile akanyamaza. Ule mdomo niliowaambia ukafungwa.

Baada ya mazishi ndugu wa mume wangu walikaa kikao. Shangazi yake mtoto, anayeishi Kyerwa, alisema ana chumba na vijana wakubwa wenye nguvu za kumwinua, basi siku ya kumaliza msiba ataondoka naye. Alisema kwa upendo, nisimsingizie. Wakaniuliza, nikasema sawa. Hakuna aliyenilazimisha. Niliangalia mikono yangu, nikamwangalia mtoto, sikuona njia. Lakini tangu nilipotamka lile neno "sawa", nilikuwa nikijuta.

Siku ya kumaliza msiba nayo ilisogezwa mbele, kwa sababu shemeji yangu mkubwa alikuwa hajapata ruhusa kazini. Kwa hiyo nyasi zikabaki ndani.

Mnajua wenyewe, kwetu mtu akifa nyumba hutandazwa nyasi, na wafiwa hukaa na kulala juu yake. Vitanda vyote tuliwapa wageni wazee. Binti yangu, ambaye maisha yake yote yalikuwa kitandani au mgongoni kwa baba yake, akalazwa chini pamoja nasi, juu ya mkeka. Mama mkwe wangu alikuwa akiongeza nyasi mbichi kila zile za chini zilipolala. Nyasi zilikuwa nene mpaka kuku akiingia anaonekana kichwa tu.

Sasa sikilizeni. Siku moja mchana nilimwacha mtoto karibu na ukuta, nikaenda kuteka maji. Niliporudi nikamkuta kwenye nguzo ya katikati. Nikadhani mama mkwe amemsogeza. Kesho yake nikamkuta karibu na mlango. Nikamuuliza mama mkwe kwa nini anamweka penye upepo. Akanitazama akasema, "Mgongo wangu huu? Mimi kuinuka mwenyewe ni kazi, nikamwinue na huyo?"

Nikamuuliza jirani, akakataa. Nikawauliza kina mama waliokuja kutupikia, wakakataa wote, na mmoja wao akanivuta pembeni nyuma ya jiko. Alizungumza chini chini. "Dada, nani alikuwa akimbeba huyu mtoto?"

Nikasema, baba yake.

"Basi usiulize tena."

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko pikipiki. Jioni nyumba nzima ilijua kwamba marehemu anarudi mchana kumbeba binti yake. Wengine wakaogopa. Walisema baba anamtaka mtoto wake, kwa hiyo msiba umalizwe upesi na mtoto aende Kyerwa kabla jambo halijawa baya. Shangazi akatumiwa ujumbe ajiandae. Siku ikapangwa, Jumamosi ile ile.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli kwa sababu sina kitu kingine cha kuwapa. Mimi sikuogopa. Nilitamani iwe kweli. Nilikuwa nikitoka nje makusudi nimwachie nafasi aje. Nikirudi nilikuwa naingia taratibu, nanusa hewa kama kuna harufu ya jasho lake. Nilikuwa na hamu ya kujua anaingilia wapi, anamshika mtoto vipi, kama anaangalia mahali ninapolala. Hamu hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu Ijumaa nilishindwa kuvumilia. Nikachukua ndoo, nikaaga kwa sauti kwamba naenda kisimani, nikazunguka nyuma ya nyumba. Dirisha la sebuleni lina ubao mmoja ulioachia. Nikaweka jicho pale.

Mtoto alikuwa amelala ukutani, kimya, kama anayesikiliza hatua zangu zikiondoka. Kisha akanyoosha ule mkono wa kulia, akashika mguu wa benchi, akavuta. Mkeka ukateleza juu ya nyasi, na yeye juu ya mkeka. Akapumzika. Akageuza kichwa, akatafuta kitu kingine cha kushika, akaona nguzo. Akavuta tena. Kwenye ile saruji yetu iliyokwaruzika asingeweza hata kidogo, tena kwa mkono mmoja. Lakini nyasi zilikuwa zikiteleza zenyewe kwa zenyewe, zikampeleka. Kutoka kwenye nguzo akashika fremu ya mlango. Alipofika kizingitini akaweka kidevu juu ya mkono, akatulia.

Kwa hiyo hakuwa baba yake. Nitasema lililotangulia moyoni mwangu, hata kama si zuri: nilisikia uchungu kama wa siku ya kwanza. Ndipo nikaelewa kwamba mume wangu amekufa kweli. Nililia pale nyuma ya nyumba na ndoo tupu mkononi. Furaha ilikuja baadaye, tena polepole.

Nikazunguka hadi mlangoni, nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza alikuwa akienda wapi.

"Siendi popote," akasema. "Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Watu. Baba alikuwa ananionyesha watu. Ninyi mnanionyesha ukuta."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na nyumba nzima inahangaika. Akasema, "Umemuuliza Bibi, umewauliza majirani. Mimi hukuniuliza."

Wazazi wenzangu, nikakaa naye pale kizingitini, mimi na yeye tukaangalia watu.

Jumamosi ukoo ukakusanyika. Desturi ni kwamba nyasi za msiba zote hutolewa nje, zikatupwe, ndipo nyumba irudi kuwa nyumba. Shangazi alikuwa amefika na nguo za mtoto amekwisha kuzifunga. Nikasimama, mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya shemeji zangu. Nikawaambia kwamba hakuna anayembeba mtoto, anajisogeza mwenyewe, nikaomba alazwe chini kabla nyasi hazijaguswa ili waone. Wakanong'ona. Shemeji yangu mkubwa akasema kwa upole kwamba huzuni imenichosha. Mama mkwe akasema nipewe nafasi.

Tukamlaza. Watu wote wakamkodolea macho, na mtoto hakusogea hata kidole. Nilimwomba, nilimbembeleza. Akafumba macho. Shangazi akainama kuchukua ule mzigo wa nguo. Niliona sasa mtoto wangu anaondoka.

Wakati huo huo nje kukawa na kelele. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia jikoni na kutia mdomo kwenye sufuria ya wageni, na watoto wanamfukuza naye hataki kuiacha. Wote mle ndani wakageuka kutazama mlangoni. Wakamziba binti yangu asione. Basi yeye akanyoosha mkono, akashika kitu cha kwanza alichokipata, na kitu hicho kilikuwa mguu wa suruali ya shemeji yangu mkubwa. Akavuta. Shemeji akaangalia chini, akamkuta mtoto anapita kati ya viatu vya watu juu ya mkeka wake, anaelekea mlangoni, na anamwambia, "Baba mkubwa, nipishe, sioni."

Mbuzi mwenyewe sijui aliishia wapi.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema, "Nyasi za msiba lazima zitoke. Hilo halina mjadala." Ndipo akaendelea, "Lakini mgeni wa heshima naye hutandaziwa nyasi. Huyu kuanzia leo ni mgeni wa heshima." Akauliza mundu uko wapi.

Shangazi akasema, "Na mimi niliyehamisha kabati zima kumpatia chumba?"

Mama mkwe akamjibu, "Wewe njoo ukate nyasi."

Akaja, na gauni lake la safari. Za msiba zilitolewa mpaka jani la mwisho, tukafagia, na kabla jua halijazama zilikuwa zimeingia nyingine mbichi kutoka kilimani. Shangazi alirudi Kyerwa na mkungu wa ndizi, na zile nguo akaziacha pale pale.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Kiwiko chake kilichubuka vibaya. Ilibidi nijifunze kupanda bodaboda naye, jirani nyuma yetu anatushikilia, twende Nyakahanga. Mtaalamu wa viungo alitufundisha kushona kifuko kinene cha kiwiko, kukagua ngozi yake kila jioni, na kuuzoeza bega la kushoto. Bega hilo sasa linasaidia kidogo. Kiangazi nyasi zilikwisha kilimani, tukatumia majani makavu ya migomba, ambayo yanakwaruza zaidi. Kiti cha magurudumu bado tunakisubiri. Shule iko juu ya mlima, na hilo bado sijui tutalifanyaje. Kuna siku naamka sitaki kuinuka, nikiona kile kitenge kimetundikwa. Bado nipo kwenye msiba wangu. Ila mtoto wangu yupo nyumbani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye wengi wanamwona mkali. Namshukuru shangazi, maana aliyekuwa tayari kumpokea alikuwa na moyo ule ule wa kumwacha abaki. Nawashukuru ninyi kina mama wa kikundi hiki mnaopokezana kutukatia nyasi, hata wewe unayesema kila mara kwamba mwezi huu ni wa mwisho. Na kama kuna la kujifunza kwangu, ni hili dogo: jambo likikushangaza kuhusu mtoto wako, kabla hujauliza mji mzima, muulize yeye. Kama hasemi kwa mdomo, mwangalie anaelekea wapi.

Nimalize na la juzi. Nilirudi kutoka kupalilia maharage nikakuta mlango wazi, mtoto hayupo, mkeka haupo. Nikaita, kimya. Nikazunguka nyumba, nikaona nyasi za matandazo kwenye kibanja, shamba letu la migomba, zimelala, mstari mmoja mrefu unaopita kati ya migomba kwenda kwa jirani. Nikaufuata. Nilimkuta uani kwao, amekaa kwenye mkeka ameegemea gunia, anamenya maharage kwa mkono mmoja na watoto wa pale, na anawahoji kwa nini baba yao anakoroma. Jirani akaniamkia, akasema alidhani nimemruhusu.

Nilimgombeza. Nilimwambia mtoto haondoki nyumbani bila kuaga, na kwamba arudi mara moja. Akasema alikuwa amebakiza kidogo tu. Nikasema sasa hivi. Akarudi, polepole, ananung'unika njia nzima, nami nikimfuata nyuma.