Siku Wimbo wa Sifa Ulipowaleta Vijana Mlangoni

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, hata na wewe uliyeketi karibu na mlango ukiangalia simu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni yule fundi cherehani wa mtaa huu wa Langas, niliyehamia hapa kutoka Kakamega. Mimi na mke wangu tulikaa miaka mingi bila mtoto. Watu walisema, sisi tukaomba. Mungu akatukumbuka, na siku za kujifungua zikaangukia wiki ile ile ya matokeo ya urais.

Mnaikumbuka wiki hiyo. Kanisa letu lilitangaza kwamba Mungu amemchagua mgombea huyu. Kanisa la ng'ambo ya barabara likatangaza kwamba amemchagua yule. Yaani Mungu alikuwa na marais wawili, na vumbi la Langas katikati! Hata nyimbo ziligawanywa. Ule wimbo wa shukrani tuliozoea kuimba wakati wa sadaka ulichukuliwa na kampeni za upande wa pili, basi hapa tukauacha. Ukiuimba, umetaja chama.

Siku ya matokeo, mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi. Pikipiki ilikuwa moja, ikawabeba yeye na dada yake hadi hospitali. Nilipotaka kufuata, nikakuta barabara imefungwa kwa mawe. Nikarudi nyumbani nikapiga magoti. Niliogopa, ndugu zangu! Niliogopa kwamba nitaambiwa mtoto hayuko, au mama yake hayuko, na mimi niko hapa nasikiliza redio za majirani.

Mara mshindi akatangazwa. Nje kukawa firimbi na kelele. Na simu yangu ikalia.

"Shemeji, mtoto amelia! Mama pia yuko sawa!"

Sikuwa na habari ya rais tena. Nilifungua mdomo nikaimba kwa nguvu zangu zote, na wimbo uliotoka ni ule ule. Wimbo wa walioshindwa!

Vijana waliokuwa wakisherehekea barabarani walisikia. Wakaingia kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, wakapiga mlango wangu mateke. "Toka! Mungu ameongea, wewe ni nani umpinge?" Nilitoka nikieleza, lakini nani angesikia? Mmoja alikuwa na jiwe mkononi.

Sasa jirani yangu Mama Chebet, mzaliwa wa hapa Uasin Gishu, alimpigia mshindi kura, na hakuna aliyepiga vigelegele kumshinda. Lakini ukuta kati yetu ni mabati, alikuwa amemsikia shemeji akipaza sauti kwenye ile simu. Akaja akasimama kati yangu na wale vijana.

"Nyinyi, huyu amepata mtoto saa hii. Kama Mungu ni wenu peke yenu, huyo mtoto amepewa na nani?"

Na yeye, mama wa upande wao, akaanza kuuimba wimbo huo pale nilipokuwa nimeukatiza! Jiwe likawekwa chini. Haleluya! Vijana wale wale ndio walioondoa mawe barabarani nikafika hospitali.

Namshukuru Mungu, na nakushukuru, Mama Chebet, mbele ya watu wote. Na wewe ambaye bado hujamsalimia jirani yako tangu uchaguzi, nakusihi, mtumaini Mungu, usimtumainie mgombea ukamwita Mungu. Rais tulimpigia kura, na siku moja tutampigia mwingine. Pumzi ya mtoto wangu hakuna aliyeipigia kura.